Uzi: Nina miaka 37, ananinyanyua mama wa miaka 65. Mgongo wake ukikataa, tufanyeje?

BintiGadeni (mwanzisha uzi), Alhamisi saa 4:10 usiku

Assalaam aleikum. Humu nimekuwa msomaji kwa miaka, leo nimeamua kuandika.

Mwaka 2011, nikiwa na miaka 23, nilianguka kutoka juu ya dari nikianika nguo. Uti wa mgongo uliumia huku chini karibu na kiuno, na miguu haikurudi tena. Mikono ni mizima, akili ni nzima. Haja naihisi ikija, ila siwezi kuizuia kwa muda mrefu. Mume alivumilia mwaka mmoja, kisha talaka ikaja. Hilo si la uzi huu.

Watu wakisikia "yule anasaidiwa" hufikiri ni kulishwa uji. Mimi sili kwa mkono wa mtu. Nashona kofia, na katika kofia hizo hupatikana sabuni na mafuta ya humu ndani. Nikiwekewa jiko chini napika wali wa nazi, na mgeni hajui nimepika mimi au mama. Ninalohitaji ni kuhamishwa. Kutoka kitandani hadi kitini, kitini hadi kigoda cha chooni, chooni hadi kitini tena, na jioni kurudi kitandani. Jana nilihesabu: mara tisa. Na nyumba yetu hapa Amu (Lamu) ni ya mawe, ya zamani, mnazijua zilivyo. Kila msana, yaani chumba kirefu cha nyumba hizi, umeinuka hatua moja juu ya mwenziwe, kwa hiyo kiti kinakwama katika kila kizingiti. Ngazi za kushukia mlangoni ni kumi na saba. Nje natoka kwa nadra.

Mara zote tisa anayeninyanyua ni mama. Wiki mbili zilizopita aliniinua kabla ya alfajiri, akaketi ghafla ukingoni mwa kitanda ameshika kiuno. Hakusema neno. Tangu siku hiyo nikishaswali laasiri sinywi tena maji, nisije nikamwamsha usiku. Ameshagundua. Huniletea gilasi akaniambia, "Kunwa mai, mwanangu," nami humwambia sina kiu.

Nauliza wenye uzoefu. Mnafanyaje? Sitafuti huruma, natafuta njia.

KakaWiyoni, saa 4:31 usiku

Wa aleikum salaam dadangu. Allah awape nguvu nyote wawili. Kwa nini msiweke mfanyakazi? Wasichana wapo wanaotafuta kazi.

BintiGadeni, saa 4:40 usiku

Ahsante kaka. Tuliweka, mara mbili. Wa kwanza alikuwa mwema ila mdogo wa umbo, akaniangusha siku ya tatu, akaogopa kurudi. Wa pili alikuwa akinivua nguo mlango uko wazi, huku akizungumza na simu. Nilipomwambia afunge mlango akajibu, "Kwani wewe unaona haya?" Naona haya. Nina miaka 37.

FizioBara, saa 5:02 usiku

Dada, mimi ni mtaalamu wa viungo, nipo Mokowe, upande wa bara. Kabla ya yote, maji. Kuyaacha kuanzia laasiri kunaleta maambukizi ya mkojo, mawe ya figo na choo kigumu, na kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo maambukizi hayo yanaweza kupanda hadi kwenye figo. Kunywa kama kawaida mchana kutwa, punguza kidogo tu saa mbili kabla ya kulala, na uende chooni mara ya mwisho kabla ya kupanda kitandani. Wanawake wanaonyima mwili maji ili wasimsumbue mtu nawaona kila wiki, wa miaka 20 na wa miaka 80.

La pili, nijibu haya: kitanda kina kimo gani kutoka sakafuni? Na kiti, ukipima pale unapokalia? Kigoda cha chooni je? Ukishikilia kitu kwa mikono miwili, unaweza kuinua makalio hata kidogo?

Katika kazi yetu tuna orodha ya mambo sita ambayo daktari wa Marekani aliyeitwa Sidney Katz aliyapanga mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka mahali hadi mahali, kuzuia haja, na kula. Kila moja unauliza: anafanya mwenyewe, au kwa mkono wa mtu? Kwa maelezo yako, kinachokufunga ni kuhama. Choo na kuoga vimefungwa na hicho hicho. Ukikipunguza hicho, mengine yanalegea.

MamaMtu_Faza, Ijumaa saa 12:20 asubuhi

Ukhti, nimesoma baada ya swala ya alfajiri nikalia. Mimi nipo upande wa pili wa jambo lako. Binti yangu ana miaka 11, ana mtindio wa ubongo. Hatembei, maneno yake nayaelewa mimi na kakake tu. Akiwa mchanga nilimfunga mgongoni kwa leso nikaenda naye kisimani, shambani, harusini. Sasa miguu yake inaburura chini nikimbeba. Kila mtu ananiambia "mashallah amekua". Mimi kila akikua nahesabu uzito.

Na kuna jambo nimeogopa kumuuliza mtu. Matiti yameanza. Hedhi iko njiani. Jirani amenishauri nimpeleke akatolewe kizazi "upumzike". Nimekosa usingizi.

FizioBara, saa 1:05 asubuhi

Mama, hilo la kizazi usilikubali. Hedhi si ugonjwa, na mwili huo ni wake. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 23 kinasema wazi kwamba watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, wana haki ya kubaki na uwezo wao wa kuzaa kama watu wengine. Kazi ya usafi ya siku tano si sababu ya kumkata mtoto.

Muandae mapema. Muoneshe kitambaa kabla ya siku yenyewe, mvalishe kikavu siku moja ajue kinavyokaa. Tumia jina moja tu kila mara, usibadilishe. Na kila unapomsafisha mwambie kwanza unachofanya, hata kama unadhani haelewi: "sasa nakuvua, sasa nakupangusa." Mtoto aliyezoea kuambiwa atashtuka siku mtu akimgusa bila kusema, na atakuonyesha. Ni ulinzi huo.

Mwangaza29, saa 2:48 asubuhi

Hapo FizioBara umenigusa. Mimi nina miaka 29, sioni tangu nikiwa na miaka sita, na nina mtoto wa miezi minane. Natumia simu inayosoma maandishi kwa sauti, ndivyo ninavyowasoma.

Nilipokuwa na mimba, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, muuguzi alimuuliza mama mkwe wangu mbele yangu: "Nani kamfanya hivi?" Nina mume. Nina cheti cha ndoa. Vidonge alipewa mama mkwe, maelezo akapewa yeye, na hakuna aliyenieleza mimi mwenye tumbo.

Msaada ninaohitaji mimi ni mdogo ukiupima kwa nguvu. Hakuna wa kuninyanyua. Nahitaji mtu anisomee tarehe ya chanjo, aniambie kama upele wa mtoto ni mwekundu au mweupe, anitangulie kwenye Usita wa Mui, njia kuu ya mji, punda wakiwa wengi. Dakika tano hapa, dakika kumi pale. Lakini dakika hizo zisipokuwepo, mtoto hukosa chanjo. Watu wakiniona natembea na fimbo yangu, nafua, nanyonyesha, husema "huyu hahitaji kitu". Siku nikiomba wanisomee karatasi, husema "huyu hawezi kulea". Katikati ya hayo mawili hawajui kuna mtu.

Mkaza_Shela, saa 4:15 asubuhi

Nami niwaletee upande wa wazee. Namuuguza mama mkwe, ana miaka 83, alipigwa na kiharusi miaka miwili iliyopita, mkono na mguu wa kulia. Alikuwa mwanamke wa kusimamia harusi za mji mzima. Sasa nikimvalisha anafumba macho. Mwanzo nilidhani ananichukia. Siku moja shangazi mmoja akanieleza: anafumba ili asione kwamba wewe unamuona.

Nimejifunza kumuogesha kwa leso mbili. Moja imemfunika kuanzia kifuani hadi magotini, haitoki hadi mwisho. Naosha chini yake kwa kitambaa, kwa kupapasa. Kisha leso ya pili kavu naiingiza juu, ile mbichi naivuta chini. Hakuna sekunde anayokaa tupu. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo hakufumba macho, akaniambia maji ni baridi. Alikuwa hajanisemesha siku ya kuoga kwa miezi.

Mavazi pia: mkono mgonjwa unaingia kwanza kwenye nguo, na wakati wa kuvua unatoka mwisho. Nilikuwa nafanya kinyume, namtesa bila kujua.

KijanaLangoni, saa 5:30 asubuhi

Naomba niulize, na naomba nisihukumiwe. Mimi ni mwanamume. Mama yangu ana miaka 74, amepooza kuanzia mwaka jana. Baba amefariki. Dada zangu wameolewa, mmoja Mombasa na mwingine Malindi. Tumebaki mimi na yeye. Jirani huja kumuogesha asubuhi, Allah amlipe, lakini usiku akijisaidia nipo peke yangu. Yeye huona haya, hukaa hivyo hivyo hadi asubuhi jirani aje. Ngozi imeanza kuchubuka nyuma. Mimi nasimama nje ya pazia nalia.

Mkaza_Shela, saa 5:52 asubuhi

Mwanangu, hakuna wa kukuhukumu hapa. Kwanza muulize yeye mwenyewe, mchana, mkiwa mmekaa vizuri, si usiku katika shida: "Mama, usiku ikitokea, ungependa nifanyeje?" Mpe njia tatu achague. Huenda atataka umpe tu beseni, maji na leso, umgeuze ubavu, kisha utoke ajisafishe kwa mkono mzima. Huenda atakubali umsaidie chini ya leso, taa ikiwa hafifu. Huenda atataka jirani aje mara ya pili saa tatu usiku. Na katika dharura ya ugonjwa dini ina wepesi wake, muulize shekhe unayemwamini akueleze mbele ya mama, asikie kwa masikio yake kwamba wewe hukosei.

FizioBara, saa 5:58 asubuhi

Kijana, huo mchubuko usiusubirie. Kidonda cha kulalia kinaanza hivyo hivyo, doa jekundu ambalo halififii ukilibonyeza. Mgeuze kila baada ya saa mbili mchana, na usiku pia kwa sasa: ubavu wa kushoto, kisha ubavu wa kulia, asilalie pale palipochubuka. Mto kati ya magoti. Usimburute kwenye shuka, mwinue. Na unyevu ndio adui mkubwa. Mpeleke aonwe wiki hii.

Niongeze: kugeuza, kufua shuka, kupika, kuchota maji, kumnyanyua kwa kushikilia shuka ya chini, hakuna hata moja linalohusu uchi. Ni kazi za nguvu, na nguvu unazo. Nyumba nyingi naingia nakuta kijana wa miaka 25 amekaa barazani na mama wa miaka 60 anambeba bibi wa miaka 85. Wewe uko ndani ya nyumba, na hilo peke yake limekutofautisha.

MwlHindi, saa 8:10 mchana

Nimefuatilia tangu jana. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nitaleta namba chache kwa sababu naona hapa kila mmoja anadhani shida yake ni ya nyumba yake tu.

Sensa ya 2019 iliuliza watu wa kuanzia miaka 5 maswali sita: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Walioonekana kuwa na ulemavu nchini walikuwa asilimia 2.2. Wanaume asilimia 1.9, wanawake asilimia 2.5. Ulemavu wa kutembea uliongoza, karibu asilimia 42 ya wote. Mimi siamini kwamba asilimia 2.2 ndiyo hali halisi. Sensa ya 2009, kwa maswali mengine, ilitoa asilimia 3.5, na Shirika la Afya Duniani linakadiria mtu mmoja kati ya sita duniani. Walemavu hawakupungua kwa miaka kumi. Aliyeulizwa ni mwenye nyumba akiwa mlangoni, na wangapi walimtaja binti aliye chumba cha nyuma?

Kwa nini wanawake ni wengi? Sababu moja ni umri. Wanawake huishi zaidi, na miaka hiyo ya ziada ndiyo ya kiharusi, macho na magoti. Lakini tazameni uzi huu: miaka 11, 29, 37, 74, 83. Hatuwezi kusema ni habari ya uzee tu.

Namba ya mwisho. Uchunguzi wa serikali wa matumizi ya muda, wa mwaka 2021, ulionyesha wanawake wa Kenya hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume katika kazi za nyumbani na kulea bila malipo. Kwa hiyo anayesaidiwa ni mwanamke na anayesaidia ni mwanamke, na wote wawili wanazeeka kwa pamoja. BintiGadeni, swali lako la mgongo wa mama yako ndilo swali la Kenya nzima.

KakaWiyoni, saa 8:40 mchana

Mwalimu, na ile pesa ya serikali?

MwlHindi, saa 9:05 alasiri

Inua Jamii. Shilingi 2,000 kwa mwezi. Kuna ya wazee wa miaka 70 na zaidi, na kuna ya wenye ulemavu mkali. Hii ya pili inalenga mtu anayehitaji kuangaliwa na mwingine muda wote, na mara nyingi hupokelewa na mlezi kwa niaba yake.

MamaMtu_Faza, saa 9:30 alasiri

Mimi napokea kwa niaba ya binti yangu. Siikufuru. Lakini pampasi za umri wake pakiti moja tu hula karibu nusu yake, na kutoka Faza hadi Amu kwa boti, mimi na yeye, kwenda na kurudi, ndiyo imekwisha. Ikichelewa miezi miwili, mitatu, narudi kwenye vitambaa.

BintiGadeni, saa 10:15 jioni

Mimi sipokei. Nilipoandikisha, aliyekuja alinikuta nimekaa nashona kofia, akasema, "Huyu anajiweza." Alikuja saa nne asubuhi. Angekuja saa kumi na moja alfajiri angeandika mengine.

AmuUghaibuni, Jumamosi saa 9:20 usiku

Salaam kutoka Ohio, Marekani, huku ni jioni. Mimi ni mzaliwa wa Mkomani, nina miaka tisa kwenye kazi ya kuhudumia watu majumbani mwao. Wengi wa wateja wangu ni wanawake, na wengi wa tunaofanya kazi hii pia ni wanawake.

Msidhani huku hawana shida hii. Ofisi yao ya sensa ilitoa hesabu ya mwaka 2010: watu wapatao milioni 12.3 wenye miaka 6 na zaidi walihitaji mkono wa mtu mwingine kwa mambo ya kila siku. Wakifika miaka 80, karibu watatu kati ya kumi. Tofauti niliyoiona ni hii: huku kazi imeandikwa. Naingia saa moja asubuhi, nina karatasi: kuoga, kuvaa, dawa, kifungua kinywa. Saa tatu natoka. Mteja wangu wa miaka 41, mwanasheria, hana miguu wala mkono mmoja. Yeye ndiye aliyenihoji kabla sijaanza. Aliniuliza: "Nikikuambia hapana utafanyaje?" Nilimjibu nitaacha. Akaniajiri.

Lakini nao wazee wao wengi hukaa peke yao kutoka saa tatu hadi mimi nirudi saa kumi, na televisheni ndiyo inayozungumza nao. Mama yangu huko nyumbani kwetu Amu hajawahi kukaa saa moja bila mtu. Sitaki kubadilisha hicho kwa karatasi. Nataka vyote viwili.

BintiGadeni, hilo neno "hapana" lifanyie kazi hata kwa mama. Mnapendana, najua. Lakini je, umewahi kumwambia mama saa unayotaka kuamka wewe?

BintiGadeni, Jumamosi saa 2:00 asubuhi

Sijawahi. Huamka saa anayoamka yeye.

Dada FizioBara, nimepima kwa utepe wangu wa kushonea. Kiti ni inchi 19. Kigoda ni inchi 15. Kitanda ni inchi 27. Ni kitanda cha arusi ya mama, cha miguu ya kuchonga. Nikishika pande mbili za kiti naweza kujiinua, nimejaribu jana mara sita, mikono ilitetemeka lakini makalio yalitoka.

FizioBara, saa 2:25 asubuhi

Hapo ndipo tatizo lilipo. Mama hakunyanyui tu, anakupandisha inchi nane kila usiku. Kitanda kikiwa sawa na kiti, na kigoda kikiwa sawa na kiti, kwa mikono hiyo yako utateleza juu ya ubao. Ubao wenyewe ni wa urefu wa inchi 28 hivi, upana wa inchi 9, unene usiozidi robo tatu ya inchi, kingo zimepunguzwa hadi zinakuwa nyembamba ncha zote mbili, usio na msumari hata mmoja, na laini kama sahani. Ncha moja inaingia chini ya paja, nyingine inakaa juu ya kitanda. Unajisogeza kidogo kidogo. Ya madukani ni ghali na huku haifiki.

FundiTezo, saa 3:10 asubuhi

Mwanangu BintiGadeni. Mimi ni fundi wa vyombo vya baharini, Matondoni. Nimesoma hapa kwa simu ya mjukuu. Huo ubao ni kazi ya saa mbili. Nina kipande cha msaji kilichobaki, hakina fundo. Kupunguza kingo kwa randa ndiyo kazi yetu, mbao za jahazi zote zinapunguzwa. Nipe siku nne. Sitaki pesa. Kitanda cha mama usikikate miguu, kile ni urithi. Nitakupigia kingine cha inchi 19, cha kawaida, hicho tutaelewana bei.

BintiGadeni, saa 3:18 asubuhi

Ami, nimesoma kwa sauti mama akasikia. Amesema Allah akuhifadhi. La kitanda ameondoka bila kujibu.

FizioBara, saa 3:40 asubuhi

Ami fundi, usiupake sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo, tafadhali, ngozi yake haitavumilia. Vanishi, mara tatu, kila mara upige msasa. Dada, usiujaribu ukiwa peke yako. Mara ya kwanza nitakuwepo mimi, na mama atasimama mbele yako bila kukugusa. Na daima uweke kitambaa kati ya ubao na ngozi, kwa sababu ukiteleza ukiwa tupu utachubuka bila kuhisi.

BintiGadeni, wiki nne baadaye, Jumapili saa 2:30 usiku

Nimerudi kutoa habari.

Ubao ulifika siku ya tano, umefungwa kwenye gunia kama samaki. Ni mzuri kuliko samani zote za humu ndani. FizioBara alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilianguka, akanidaka. Wiki ya pili nilihama kutoka kitini hadi kitandani kwa dakika kumi na moja, jasho linanitoka. Sasa ni dakika tatu.

Kitanda kipya kimeingia. Cha arusi kimehamia msana wa mbele, mama analala juu yake. Alikuwa amelala kwenye mkeka kando yangu kwa miaka kumi na nne ili anisikie usiku, na sikuwahi kumuuliza kama mgongo wake unaupenda mkeka.

Chooni hatujafanikiwa. Kimo kimekuwa sawa, lakini mlango ni mwembamba na kuna kidato, kiti hakiingii. Huko bado ananinyanyua, mara nne kwa siku. Kakangu aliye nahodha amekuja, ameona, amesema akirudi atavunja kidato. Nimeshamwandikia tarehe ukutani.

Kutoka tisa hadi nne. Na maji nakunywa.

Nimemwambia mama kwamba Ijumaa nataka kulala hadi saa moja na nusu baada ya kuswali. Alishangaa. Ijumaa iliyopita alikuja saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, akafungua pazia, akakumbuka, akalifunga.

Sasa lipo jambo jingine. Nimepewa siku ya kwenda kupimwa upya na madaktari ili nipate kadi ya Baraza la Taifa la Watu wenye Ulemavu, ni Jumanne ya wiki ijayo, upande wa bara. Nimekuwa nikiahirisha kwa sababu ya gati. Mara ya mwisho maji yalikuwa yamekupwa, vijana wawili wakanishusha ngazi zile zenye utelezi wamenibeba kama gunia, leso ikafunguka, watu wote wa pwani wakaona. Nilikula kiapo sitarudi. Kuna anayejua njia nyingine?

Mwangaza29, saa 2:51 usiku

Nami nina safari hiyo hiyo Jumanne, kumchanja mtoto. Twende pamoja. Wewe utanisomea karatasi, mimi nitasukuma kiti, wewe utakuwa macho.

KijanaLangoni, saa 3:05 usiku

Dada, nitakuja kukushusha zile ngazi kumi na saba. FizioBara alinifundisha namna ya kushusha mtu na kiti chake bila kumtoa, kwa ajili ya mama. Kidonda kimefunga, alhamdulillahi. Nitamleta na rafiki yangu mmoja. Utatuambia wewe tushike wapi.

NahodhaMokowe, saa 3:22 usiku

Dada, mimi navusha watu kila siku. Shida yako ni saa, gati haina neno. Jumanne hiyo ni maji mafu, hayatakupwa sana, na yatajaa kama saa nne na nusu asubuhi. Wakati huo ukingo wa boti yangu unakuwa karibu sawa na gati. Nitaweka ubao mpana, kiti kinaingia na wewe umekaa juu yake, hakuna wa kukubeba. Kurudi msingoje jioni, maji yatakuwa yameshashuka. Muwe gatini Mokowe kabla ya saa saba.

Boti ni ya bluu, ina turubai jeupe. Saa nne na robo nitakuwa nimeshaifunga pale.